Mstari wa Masizi

Siku Torazo alipowaona kwa mara ya kwanza, yule koplo na ule mzinga wake, koplo alikuwa amelala chali chini ya ekseli, na mzinga umevuliwa kila kitu hadi ukabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Vipande vyake vilikuwa vimepangwa kwa safu juu ya turubai, vidogo mbele, vikubwa nyuma, vyote vinang'aa mafuta. Ilikuwa Aprili, mwaka 1939, katika kambi ya Hailar, na theluji chafu ilikuwa bado haijayeyuka kwenye kivuli cha mabanda ya farasi.

Torazo alisimama wima akajitaja kama alivyofundishwa: Sakimoto Torazo, askari wa akiba, ameletwa mzinga wa kwanza, kazi yake farasi na kupakia makombora.

"Hesabu hivyo vipande," sauti ikatoka chini ya ekseli.

Torazo akahesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mchoma makaa kutoka milima ya Kumamoto, mtu wa kukaa peke yake na moshi, na kuhesabu huku anasikilizwa kulimtoa jasho.

"Arobaini na kimoja, afande."

"Rudia."

Akarudia. "Arobaini na kimoja."

"Ni arobaini na viwili. Kimoja umekikanyaga."

Akainua buti. Kweli, pini ndogo ilikuwa pale, imezama kwenye turubai. Koplo akajiburuta akatoka nje, kijana mfupi, mdogo kwake kwa miaka mitano hivi, sikio la kushoto lina pengo kama limeng'atwa na panya. Alikuwa anacheka bila sauti. Alipoona uso wa Torazo akaacha kucheka.

"Haijapinda. Nimekutania tu, bwana. Shika hicho kitambaa, tuvifute pamoja."

Huyo ndiye aliyekuwa Kuratomi Eikichi, mlengaji wa mzinga wa kwanza.

Mzinga wenyewe, ulipokwisha kuunganishwa, haukumtisha mtu. Ulikuwa mfupi, umechutama chini kama chura, farasi mmoja aliuvuta bila kutoa jasho. Mdomo wa mtutu haukuzidi kikombe kidogo cha sake, ile pombe ya mchele. Torazo aliuzunguka mara mbili kabla ya kuthubutu kuuliza.

"Afande, huu ndio unaoua kifaru?"

"Ukikipiga mahali pake," Kuratomi akasema. "Ukikosa, unakiamsha tu."

Katika jeshi lile la Japani hakuna askari aliyekuwa na kitu chake. Bunduki, blanketi, kijiko, sindano ya kushonea vifungo, vyote vilikuwa mali ya Mfalme, askari ameazimwa. Kila jioni Sajini Hidaka, aliyesimamia mzinga wa kwanza na wa pili, alipita na daftari akihesabu. Kitu kikikosekana hakuuliza kimepotea vipi. Alisema maneno yaleyale, kwa sauti ya upole kabisa: "Sitaki kujua kitatoka wapi. Kesho jioni nikute hesabu imetimia." Na asiyetimiza hesabu alipigwa kwa soli ya kiatu mpaka meno yakalegea. Katika kikosi cha jirani mtu mmoja alipoteza kifuniko cha ala ya singe. Walimkuta ananing'inia kwenye boriti ya choo. Basi kila mtu aliiba. Kikosi hiki kilikiibia kile, kile kikakiibia kingine, na upungufu ukawa unazunguka kambi nzima kama homa, leo upo banda hili, kesho lile.

Juma la kwanza tu Torazo alipoteza brashi ya kusugulia farasi. Alikaa kwenye majani makavu. Kuratomi akamkuta pale. Akatoka, akarudi na brashi ndani ya shati.

"Ya nani, afande?"

"Ya Mfalme," Kuratomi akasema. "Ilikuwa imelala vibaya kwenye banda la wapiga bunduki. Sikiliza, kaka Torazo. Ukipungukiwa, usilie. Angalia wa jirani anaangalia wapi."

Mbele ya wengine alimwita Sakimoto, kama cheo kilivyotaka. Wakiwa wawili alimwita kaka, kwa sababu ya umri, na Torazo, ambaye tangu afike kambini alikuwa ameitwa pumbavu, kisiki na gunia la makaa, alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika kikombe cha moto siku ya baridi.

Kuratomi alikuwa fundi seremala, mwana wa fundi seremala, kutoka kijiji cha kando ya mto Kuma. Pengo la sikio lilikuwa la patasi ya baba yake, iliyomponyoka akiwa juu ya paa. Aliacha nyumbani nyumba ya mama yake aliyoianza mwenyewe, ina nguzo, ina paa, haina dari, na kila barua aliyoandika iliuliza kama mvua inaingia. Hakuona kitu asikipime: aliipima meza kwa shubiri, mlango kwa hatua, na akikutana na mtu mpya alimtazama kwanza mabega kama yako sawa. Alikula taratibu, punje kwa punje, wenzake wakimfokea. Alilenga mzinga kama anavyoangalia ubao, jicho moja limefumbwa, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Kwenye mazoezi hakukosa. Lakini farasi aliwaogopa. Yule farasi mwekundu wa mzinga akipiga chafya, koplo alirukia upande wa pili wa gurudumu.

"Nimeoa dada ya mtu gani mimi?" Arimura alikuwa akisema. "Kifaru hakiogopi, anaogopa mkia."

Arimura alikuwa mlengaji wa mzinga wa pili, mtu mrefu, mcheshi, na kweli alikuwa shemeji. Dada pekee wa Kuratomi, Fumi, ndiye mkewe, na alikuwa na mimba ya kwanza. Watu wa kikosi kimoja walitoka wilaya moja, na mambo kama hayo yalikuwa ya kawaida.

Mwishoni mwa Juni wakatoka Hailar kwa miguu kuelekea mpaka wa Wamongolia, ambako Warusi walikuwa wamevuka mto Haruha. Njia nzima majani tu, hakuna mti, hakuna kilima cha kupumzisha macho. Jua lilichoma kutoka juu, ardhi ikachoma kutoka chini. Maji ya chupa yaliisha kabla ya adhuhuri kila siku. Watu walitembea ndimi zimevimba, hakuna aliyetaniana, hata Arimura.

Darubini ya kulengea ilibebwa mbali na mzinga, ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa sufi, kwa sababu mtikisiko wa njia ungeiharibu. Kila mzinga ulikuwa na moja. Sanduku la mzinga wa kwanza alikabidhiwa Torazo alibebe mgongoni, maana mabega yake yalizoea magunia. Siku ya tano alibaki nyuma kidogo na farasi aliyekuwa anachechemea, na ndipo akaona dimbwi, dogo kama sinia, la kijani, lina viluwiluwi. Akavua sanduku akaliegesha juu ya tandiko ili apate mikono miwili, akapiga magoti, akatandaza kitambaa juu ya maji akaanza kufyonza.

Farasi naye alikuwa na kiu. Akasikia harufu ya maji, akajitupa mbele. Sanduku likaanguka, kifuniko kikafunguka, darubini ikatoka, na kwato ya nyuma ikaikanyaga nusu, ikateleza.

Torazo aliiokota. Bomba lilikuwa zima. Vioo vilikuwa vizima. Akapumua. Akaifuta vumbi, akaweka jicho, akaona majani, mbingu, na ule msalaba mwembamba wa kulengea. Akaitikisa kidogo. Msalaba ukatembea. Akaitikisa tena, ukahamia upande mwingine, kama mdudu aliyenaswa ndani.

Hakuna aliyeona. Akairudisha kwenye sufi, akafunga sanduku, akatembea mpaka jioni bila kujua miguu inakanyaga wapi.

Kesho yake wakafika kwenye matuta ya mchanga mbele ya mto, wakachimba mashimo ya mizinga miwili, umbali wa hatua themanini kati yao. Asubuhi iliyofuata Sajini Hidaka akatangaza kwamba saa nane mchana Luteni mwenyewe atapita kukagua darubini. "Nataka hesabu itimie," akasema.

Saa sita wakaitwa kupokea maji, mtungi mmoja kwa mizinga miwili, na kila mtu alikwenda na chupa yake maana hakuna aliyemwamini mwenzake kwa maji. Torazo aliachwa kulinda. Masanduku yote mawili yalikuwa chini ya turubai moja, kivulini, yamekaa bega kwa bega. Namba ilipakwa rangi juu ya mbao. Kwenye bomba zenyewe hakukuwa na namba ya kusomeka.

Angeweza kusema. Koplo alikuwa mtu wa kuambiwa. Lakini kumwambia koplo ni kumpa koplo mzigo wa kuchagua, na nyuma ya koplo alikuwepo Hidaka, na nyuma ya Hidaka mahakama ya jeshi, na mbali huko mlimani mke na binti ambao wangeitwa watu wa yule aliyevunja jicho la mzinga mbele ya adui. Alitazama walipokwenda. Wote walikuwa wamempa mgongo, wanaangalia mtungi. Akafungua sanduku hili, akafungua lile, akabadilisha, akafunga. Haikuchukua muda wa kuvuta pumzi kumi. Ndivyo kila mtu alivyofanya kambini kwa brashi, kwa soksi, kwa vijiko. Hakufikiri kwamba hiki hakikuwa kijiko. Alifikiri saa nane tu.

Saa nane Luteni akaja. Akachukua darubini ya mzinga wa kwanza, akaangalia, akaitikisa, akaangalia, akaitikia kwa kichwa. Akaenda mzinga wa pili. Akaangalia. Akaitikisa. Akaangalia muda mrefu.

Arimura alipigwa mbele ya wote. Hidaka alitumia mkono kwanza, halafu soli. Arimura alisimama wima, na kila pigo alisema kwa sauti, kama ilivyotakiwa, kwamba kosa ni lake. Torazo alikuwa hatua kumi kutoka pale, ameshika hatamu. Farasi akamlamba kiwiko. Luteni akasema darubini nyingine itaagizwa Hailar, itachukua siku saba, nane. Mpaka hapo mzinga wa pili upige hivyohivyo.

"Siku saba," Arimura akasema baadaye, mdomo umevimba upande. Walikuwa wamekaa shimoni mwa mzinga wa kwanza, yeye, Kuratomi na Torazo. "Niwaombe Warusi wasubiri? Jamani, mlengaji wetu ana jicho bovu, rudini Jumanne."

Kuratomi hakucheka. "Niletee hiyo darubini."

"Uifanye nini?"

"Mimi fundi. Labda kuna kitu kimelegea tu ndani. Chukua yangu."

Arimura akamtazama. "Shemeji, jua limekupiga?"

"Wewe una mke mwenye mimba. Mimi nina nyumba isiyo na dari. Ilete, nitaitengeneza. Nikishindwa tutabadilishana tena."

Kwa hiyo ile darubini ikarudi ilikotoka. Torazo aliiona inavuka mchanga mikononi mwa Arimura, ikija kwake kama mbwa aliyetupwa mbali akarudi nyumbani.

Arimura alipoondoka, Kuratomi akakaa, akaiweka magotini juu ya kitambaa, akaanza kufungua pete ya mbele kwa ncha ya kisu. Akasita. Kwenye mfereji wa skrubu kulikuwa na kitu kimenasa. Akakivuta kwa kucha mbili. Ulikuwa unywele wa farasi, mrefu kama kidole, mwekundu.

Farasi wa mzinga wa pili alikuwa mweusi tii.

Koplo aliushika unywele ule juani kwa muda. Torazo alikuwa anafuta makombora, yaleyale aliyokwisha kuyafuta. Aliona kinywa chake kitafunguka chenyewe, na kweli kikafunguka.

"Afande, ile darubini..."

"Nani ana wali uliobaki?" Kuratomi akauliza. Akaupuliza unywele, ukaenda na upepo. "Nahitaji wali. Mkavu haufai, uwe umepikwa asubuhi, unaonata."

Torazo akampa wake wote, uliokuwa kwenye kopo la bati. Kuratomi akachukua punje kadhaa, akazisaga juu ya kipande cha ubao kwa ubapa wa kisu, tone la maji, akasaga tena, mpaka zikawa uji mweupe mzito. Torazo aliijua. Ni gundi ya mafundi, baba yake aligandishia karatasi za milango kwa gundi hiyo.

"Inashika?" aliuliza.

"Nyumbani inashika miaka." Koplo alikuwa anaipaka kwa ncha ya kijiti ndani ya bomba, ulimi nje. "Lakini nyumbani hakuna mtu anayepiga mlango kwa mzinga. Sijui, kaka Torazo. Pengine risasi tatu, pengine ishirini. Huu uliobaki kula. Usinitazame hivyo, kula."

Torazo akala, punje kwa punje.

Jioni ile, jua bado likiwa juu, Kuratomi alivua mkanda wake wa tumboni. Ulikuwa mkanda wa mishono elfu, ule ambao Fumi alisimama nao barabarani akiomba kila mwanamke anayepita ashone mshono mmoja mwekundu, ili risasi zimpite kaka yake mbali. Akaanza kuufumua.

Arimura, aliyekuja kuuliza habari za darubini, akasimama ghafla. "Unafanya nini? Hiyo ni kazi ya dada yako."

"Nataka uzi mrefu."

"Ni mishono elfu hiyo."

"Itabaki mia tisa na kitu. Risasi haijui kuhesabu, si kama Hidaka."

Akaunganisha nyuzi mpaka zikapata urefu wa mtutu. Akaziviringisha kwenye masizi ya kitako cha sufuria, yaliyolowekwa kwa mafuta ya bunduki. Akamwita Torazo ashike ncha moja katikati kabisa ya mdomo wa mtutu, mahali alipopaweka alama kwa kisu, yeye akashika nyingine nyuma. Uzi ukakazwa. Akauinua kwa vidole viwili, akauachia. Tap. Mstari mweusi ukalala juu ya mtutu, umenyooka kama mvua.

"Ni wa nini, afande?"

"Gundi ikiachia nitaangalia kwa mstari, kama ubao. Kwa karibu itafaa. Hatua mia tatu, mia mbili." Akajifuta vidole. "Isipokuwa ngao itanizuia kuona."

Akakaa akiitazama ngao ile, bati nene lenye vipande viwili, kimoja mbele ya mlengaji, kimoja mbele ya mpakiaji. Akajaribu bolti za kipande chake kwa spana. Akazilegeza, akazikaza nusu, ili ziweze kutoka kwa mkono.

Siku tatu Warusi hawakuja. Torazo hakulala vizuri hata usiku mmoja. Kila alipokuwa na koplo peke yake alijiambia sasa nitasema, na kila mara mtu alikuja, au farasi alipiga kelele, au koplo mwenyewe alianza kueleza habari za dari: mbao za mvinje ni nzuri lakini ghali, za mwerezi zina harufu tamu ya kufukuza wadudu, mama yake anataka za mwerezi. Mara nyingine ilionekana anaongea makusudi. Kila asubuhi alifungua sanduku, akaitikisa darubini taratibu, akaangalia, akasema, "Bado imeshika." Kila asubuhi Torazo alishusha pumzi, halafu akaanza upya kuogopa.

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, vumbi likaonekana upande wa mto.

Vilikuwa vifaru vitano, vinakuja wazi juani kwa kasi, vikiruka matuta. Sajini Hidaka alikuwa amelala kati ya mizinga miwili, mkono umeinuliwa. Aliushusha vilipofika hatua mia saba.

Risasi ya kwanza ya Kuratomi ikapita juu. Torazo akasukuma kombora la pili, mlango wa mtutu ukajifunga wenyewe kwa kishindo. Ya pili ikakipata kifaru cha mbele chini ya mnara wake. Hakikulipuka, kilisimama tu kama ng'ombe aliyekumbuka kitu, halafu moshi ukaanza kutoka. Mzinga wa pili nao ukapiga, ukapata kwa risasi ya kwanza. Torazo aliona Arimura anainua ngumi. Ile darubini nzima ilikuwa inafanya kazi yake, kwa mtu mwenye mke mwenye mimba, na kwa mara ya kwanza tangu dimbwini Torazo alihisi kifua kinafunguka.

Risasi ya tatu ikaenda kulia sana. Ya nne ikaenda kulia zaidi.

Kuratomi akaondoa jicho kwenye darubini. "Imeachia," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema mvua imeanza.

Akanyoosha mkono, akazungusha bolti kwa vidole, moja, mbili, tatu, nne. Kipande chake cha ngao kikaangukia mbele kwenye mchanga. Mbele yake sasa kulikuwa na mtutu wenye mstari mweusi, na nyasi, na vifaru vitatu.

"Kuratomi," Hidaka akaita kutoka shimoni mwake. "Ngao hiyo imekuwaje?"

"Imelegea, afande."

Hidaka akatazama ngao, akatazama darubini, akatazama vifaru. "Sijaona," akasema, akageuza uso.

"Afande, nivue na yangu," Torazo akasema. "Tuwe sawa."

"Wewe pakia."

"Afande, mimi ndiye..."

"Pakia, kaka Torazo."

Akamwita kaka mbele ya wote. Torazo akapakia.

Wakasubiri. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kusubiri. Koplo alikuwa amepiga magoti, shingo imenyooka, jicho moja limefumbwa, ulimi nje, kama yuko uani kwake ameegesha ubao juu ya benchi. Risasi za bunduki za vifaru zilikuwa zinashona mchanga kushoto, zikaja kulia, zikagonga kipande cha ngao cha Torazo kwa mlio wa mvua ya mawe juu ya bati. Mia nne. Mia tatu. Kuratomi aligusa gurudumu la kugeuzia kidogo tu, kwa kidole kimoja. Mia mbili na nusu. Akafyatua. Kifaru kikageuka ubavu, mnyororo umekatika, na risasi iliyofuata ikaingia ubavuni. Mzinga wa pili ukakipiga cha pembeni. Cha mwisho kikageuza, na kikigeuza bunduki yake ikafyeka mara moja, kutoka upande hadi upande, bila kulenga mtu, kama mkulima anayemalizia pembe ya shamba.

Kuratomi akakaa chini.

Torazo alimlaza. Tumbo lilikuwa limechanwa mahali penyewe palipozungukwa na mkanda, kwenye safu zilizofumuliwa na kwenye zisizofumuliwa vilevile. Arimura akaja mbio, akapiga magoti, akalishika lile sikio lenye pengo, akawa anasema "shemeji, shemeji," basi, hana utani. Hidaka akatuma watu wa machela. Halafu akasimama na kitabu chake kidogo, maana ndivyo alivyokuwa, na baada ya kila mapigano aliandika.

"Ngao, kipande kimoja, kipo," Hidaka akasema. "Darubini?"

Arimura alikuwa analia. Watu wa machela walikuwa wanakuja, bado hatua hamsini. Torazo akainama karibu na uso wa koplo, akasema yote kwa mara moja, haraka, kama anatapika: dimbwi, farasi, kwato, masanduku, mtungi wa maji. Akasema Arimura alipigwa kwa ajili yake. Akasema ngao ile ilipaswa kuwa yake.

Kuratomi alimsikiliza mpaka mwisho, macho yamefumbuliwa vizuri. Akamwonyesha kwa kidole darubini iliyobaki kwenye mzinga. Torazo akaivua, akamletea. Koplo akaichukua kwa mikono miwili, na kwa nguvu alizokuwa nazo akaipigiza kwenye chuma cha gurudumu. Mara ya kwanza haikuvunjika. Mara ya pili kioo cha mbele kikatoka, kikaanguka mchangani, na kipete kidogo chenye msalaba kikatoka nacho, kimekaukiwa na punje za wali.

Hidaka aliona. Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

Machela ikafika. Wakamwinua. Kuratomi akamshika Torazo mkono wa shati, akamvuta mpaka sikio la Torazo likafika mdomoni mwake, lakini alisema kwa sauti ya kutosha ili na Sajini asikie.

"Imevunjika leo, kaka Torazo. Leo asubuhi, kwa risasi. Nimeiona kwa macho yangu."